Kiinitete Kinachosogea: Barua ya Wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: UFUNDISHAJI WA EMBRIOLOJIA KWA MAUMBO, PICHA ZINAZOSOGEA NA ZANA ZA KIDIJITALI

Embriolojia, yaani taaluma inayochunguza jinsi mwili unavyojiunda tangu yai linaporutubishwa mpaka viungo vinapokaa mahali pake, ni somo la mwendo, na linapofundishwa kwa michoro bapa isiyosogea mwanafunzi huyapokea majina ya hatua bila kuzipokea hatua zenyewe. Barua hii inaelekezwa kwa Tume kwa sababu Tume ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha mitaala ya vyuo vikuu nchini, na kwa sababu hoja inayofuata inavuka hiari ya mhadhiri mmoja na uwezo wa chuo kimoja: inagusa kiwango kinachopaswa kudaiwa kila mahali daktari anapoandaliwa.

Ugumu wa somo hili una chanzo kinachoweza kuelezwa. Katika wiki ya tatu baada ya kurutubishwa, kiinitete cha binadamu ni kisahani chembamba chenye tabaka tatu: ektodemu, ambayo hutoa ngozi ya juu na mfumo wa neva, mesodemu, ambayo hutoa misuli, mifupa, moyo na damu, na endodemu, ambayo hutoa utando wa ndani wa njia ya chakula na ya hewa. Kisahani hicho hujikunja kwa urefu na kwa upana wakati mmoja, kama mkeka ambao kingo zake zote zinavutwa chini hadi zikutane, na katika mkunjo huo moyo, uliokuwa mbele ya mahali ubongo utakapokuwa, hushuka hadi kifuani. Mchoro wa kitabuni huonyesha mkato mmoja wa tukio hilo katika wakati mmoja tu. Msomaji hutakiwa aunganishe mikato kadhaa akilini, apate umbo lenye kina, kisha alisogeze umbo hilo katika wakati. Wapo wanaoliweza jambo hilo peke yao. Walio wengi hukariri, hufaulu, na baada ya miezi michache husahau.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa utumbo. Katika wiki ya sita utumbo hurefuka kuliko nafasi iliyopo tumboni, hutoka nje na kuingia katika mzizi wa kitovu, huzunguka nyuzi 90 kinyume na mwendo wa saa, kisha kufikia wiki ya kumi hurudi ndani huku ukizunguka nyuzi 180 nyingine, mhimili wa mzunguko wote ukiwa ni mshipa mkubwa wa ateri unaoulisha. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa kwa usahihi kamili katika karatasi ya mtihani na mtu asiyeona chochote akilini mwake. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo akiwa zamu ya usiku humpokea mtoto mchanga anayetapika nyongo ya kijani, na hapo ndipo inapojulikana kama alielewa kwamba utumbo usiomaliza mzunguko wake hushikiliwa na shina jembamba, kwamba shina hilo linaweza kujisokota na kukata damu, na kwamba mtoto huyo anahitaji daktari wa upasuaji mara moja, hata kama tumbo lake bado ni laini. Aliyewahi kuushuhudia mzunguko huo ukisogea mbele ya macho yake, au kuutengeneza kwa kamba na kipande cha kitambaa mezani, ana sababu ya kuogopa inayotangulia kumbukumbu ya kitabu.

Jambo hilohilo linahusu mgongo wazi, tatizo ambalo Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali nyingine za rufaa hulitibu mwaka hadi mwaka. Mrija wa neva, ambao ndio asili ya ubongo na uti wa mgongo, huanza kufunga karibu na siku ya 22 na humaliza karibu na siku ya 28. Sehemu ya chini isipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Siku ya 28 mama ana takriban wiki mbili tu tangu akose hedhi, na wengi wakati huo hawajajua kuwa ni wajawazito, sembuse kwenda kliniki. Ndiyo maana foliki asidi inayoanza kutolewa katika hudhurio la kwanza la kliniki huwa imechelewa kwa kazi hii mahususi, ingawa ina faida nyingine. Na ndiyo maana urutubishaji wa unga wa ngano na wa mahindi kwa foliki asidi, uliowekewa kanuni nchini mwaka 2011, una maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye lebo ya mfuko. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba foliki asidi iliyoanza kutumiwa kabla ya mimba ilipunguza kasoro za mrija wa neva kwa asilimia 72 kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye kasoro ya aina hiyo. Daktari ambaye ameuona mrija ukifunga ataweza kumweleza mama, kwa Kiswahili na kwa mikono yake miwili, kilichotokea na lini kilitokea, na mama anayelaumiwa na ukoo mzima atajua kwamba jambo hilo lilipita kabla hajapata namna ya kulijua.

Historia ya taaluma yenyewe inaiunga mkono hoja hii. Wilhelm His, mwanaanatomia wa Uswisi aliyefanya kazi Leipzig, alikata viinitete kuwa vipande vyembamba kwa mashine aliyoiboresha kwa ajili hiyo, akagundua kwamba vipande hivyo havimpi umbo mpaka alijenge upya kwa mikono. Mwaka 1883 Gustav Born alieleza njia ya kukata mabamba ya nta kwa kufuata picha ya kila kipande na kuyapanga moja juu ya jingine hadi kiungo kikatokea kikiwa kikubwa mara nyingi. Na karakana ya Adolf Ziegler na mwanawe Friedrich, huko Freiburg, iliuza maumbo ya nta ya aina hiyo kwa vyuo vya Ulaya na Marekani. Waasisi wa somo hawakuweza kulielewa bila umbo la kushika na kuzungusha. Ni kumwonea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kumtaka aelewe kwa mchoro wa ubaoni kile ambacho waasisi hao walikielewa kwa nta.

Leo kazi hiyo ya nta imehamia kwenye kompyuta, na sehemu bora yake haiuzwi. Mwaka 2016 kundi la Amsterdam lililoongozwa na Bernadette de Bakker lilichapisha katika jarida la Science atlasi ya pande tatu ya miezi miwili ya kwanza ya ukuaji wa binadamu, iliyojengwa kutokana na karibu vipande 15,000 vya viinitete vya Mkusanyo wa Carnegie wa Marekani, ambapo hadi viungo na sehemu 150 zilitambuliwa na kuwekewa alama katika kiinitete kimoja. Mark Hill wa Sydney alijenga kwa miaka mingi hazina ya mafunzo ya embriolojia iliyo wazi kwa kila mtu. Kilichokosekana kwetu ni uamuzi wa kuziingiza hazina hizi ndani ya mtaala, kwa saa zinazohesabika na kwa swali la mtihani, badala ya kumwachia mwanafunzi mwenye bando azitafute mwenyewe usiku.

Hapa pana jambo la maadili ambalo halifai kufichwa kwa wanafunzi. Viinitete vingi vya Mkusanyo wa Carnegie vilikusanywa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kutoka kwa wanawake walioharibikiwa na mimba au waliotolewa mji wa mimba, bila ridhaa ya namna inayodaiwa leo. Wanafunzi wanaojifunza kwa picha hizo wana haki ya kujua zilitoka wapi. Aidha, vyuo vinapotaka kuongeza picha za kliniki za nyumbani, kwa mfano video fupi za altrasaundi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ridhaa ya mama viwe sharti la mwanzo.

Kuhusu gharama, Tume inaombwa isichukuliwe na mvuto wa vifaa. Meza kubwa za kidijitali na miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtazamaji aone kama yuko ndani ya picha, zina kazi yake, lakini chuo chenye meza moja na wanafunzi mamia hakijabadilisha ufundishaji. Kimepata kitu cha kuwaonyesha wageni. Seva moja ndani ya maktaba, yenye atlasi, video na maswali, inayofikiwa kwa simu au kishikwambi kupitia mtandao wa ndani wa chuo bila kutumia bando, ingewafikia wote, na mafaili ya atlasi yasiyofunguka vizuri kwenye simu yangewekwa kwenye kompyuta za maabara. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza mwaka 2021 kwa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia, uliweka TEHAMA na mapitio ya mitaala miongoni mwa malengo yake. Yaliyomo ndani ya mashine yanastahili uangalizi uleule uliopewa ununuzi wake.

Ipo pia zana ambayo haina betri. Yai la kuku wa kienyeji lililorutubishwa, likiatamishwa kwa joto la karibu nyuzi 38 za Selsiasi, siku ya pili huonyesha moyo unaopiga na siku ya tatu mtandao wa mishipa ya damu, vyote vikionekana kupitia kidirisha kilichokatwa kwenye ganda na kukuzwa kwa kamera ya simu. Kiinitete cha kuku, kama cha binadamu, huanza kikiwa kisahani bapa, tofauti na cha panya ambacho hujipinda kama kikombe, kwa hiyo mwanafunzi anayekitazama huona kwa hakika mkunjo unaosimuliwa darasani. Maabara ya chuo chochote, iwe Dodoma, Mwanza au Mbeya, inaweza kulifanya zoezi hili muhula ujao.

Hata hivyo, kuona peke yake hakutoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walionyesha mwaka 2007, kwa somo la anatomia ya ubongo, kwamba kumpa mwanafunzi uhuru wa kulizungusha umbo la kompyuta atakavyo hakukumsaidia kuliko kumwonyesha mielekeo michache muhimu iliyochaguliwa. Mhadhiri kwa hiyo hawezi kuondolewa: ndiye anayechagua mwelekeo wa kuanzia, anayesimamisha video kabla tukio halijatokea na kuuliza nini kitafuata, anayewapa wanafunzi udongo wa kufinyangia na kuwataka waujenge moyo unavyojikunja. Wahadhiri hawa wanahitaji muda uliotengwa wa kujifunza zana hizi, na muda huo uhesabiwe kuwa kazi.

Kisha kuna mtihani, ambao ndio unaoamua mwanafunzi asome nini. Maadamu swali linadai orodha ya hatua, orodha ndiyo itakayosomwa, hata chuo kikiwa na zana zote za dunia. Swali linaloweka mbele ya mtahiniwa picha ya mkato na kumtaka aonyeshe umepita wapi katika umbo zima, au linalompa kasoro ya kuzaliwa na kumtaka arudi nyuma hadi wiki iliyoizaa, halijibiki kwa kukariri.

Tume inaombwa, katika mapitio yajayo ya mitaala ya shahada ya udaktari, ikitake kila chuo kieleze kwa maandishi ni michakato ipi ya embriolojia itakayoonyeshwa ikisogea, ipi itakayojengwa kwa mikono, na itatahiniwaje. Na iviunganishe vyuo katika mkusanyo mmoja wa pamoja, ili kila kimoja kisianze upya. Michakato mitano ingetosha kwa mwaka wa kwanza: kufungwa kwa mrija wa neva, kujikunja kwa moyo, mzunguko wa utumbo, kuungana kwa sehemu za uso ambako kukikosekana hutokea mdomo sungura, na kutengana kwa njia ya hewa na umio. Kila mmoja ungepewa video fupi yenye maelezo ya Kiingereza kwa ajili ya mtihani na ya Kiswahili kwa ajili ya wodi, ukaguliwe na wanaanatomia pamoja na madaktari wa upasuaji wa watoto, na uwekwe wazi pia kwa vyuo vya uuguzi na ukunga, ambavyo wahitimu wake ndio hukutana na mama kabla ya daktari.