Petroli yenye ethanoli: injini sawa, na shamba je?

Ethanoli ni kilevi kinachotengenezwa kwa miwa, mahindi au muhogo. Malawi imekuwa ikiichanganya na petroli tangu 1982, na Brazili ni lazima kisheria. Sisi wa Tanga na pwani tutafaidika nayo?

Tuanze na pikipiki. Lita ya ethanoli ina nguvu pungufu ya petroli kwa takriban theluthi moja. Ikichanganywa asilimia 10 tu, bodaboda itapoteza kama kilomita 3 katika kila 100. Tatizo kubwa ni maji. Ethanoli hunyonya unyevu, na maji yakizidi hujitenga na petroli na kutuama chini ya tangi. Kwa hewa yetu ya pwani, petroli ya kwenye chupa itaharibika upesi.

Lakini swali zito ni ardhi. Kampuni ya Sweden, SEKAB, ilikuja Bagamoyo kulima miwa ya ethanoli kwenye iliyokuwa ranchi ya Razaba, karibu na Mto Wami. Mwaka 2009 ikajitoa. Mradi ukarithiwa na EcoEnergy, ukageukia zaidi sukari, na 2016 serikali ikausimamisha. Miaka yote hiyo wakazi walikaa bila kujua kama watahamishwa.

Kwa hiyo mwekezaji akija, tusiulize bei ya lita peke yake. Tuulize nani atalima, kwa mkataba gani, na maji ya mto yatagawanywaje. Ikiwa ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti. Tuhudhurie.