Upepo wa Singida Unataka Wapimaji

Anayeshuka basi Singida mjini mwezi wa Agosti hupokewa na upepo kabla hajapokewa na mwenyeji wake. Upepo huo umetajwa miaka mingi katika mipango ya umeme, na michoro ya mashamba ya mitambo ya megawati 50 na 100 imeshapita mezani. Hoja yetu katika toleo hili ni moja: maprofesa wetu wa uhandisi, wanaofundisha mwendo wa hewa, maji na joto, waufanye mkoa huu maabara yao.

Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi. Upepo wa mita 8 kwa sekunde una nguvu karibu mara moja na nusu ya ule wa mita 7. Mpimaji akikosea mita hiyo moja, hesabu ya umeme na ya mkopo zote zinaharibika. Tena Singida iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14, na kwa kasi ileile nguvu hupungua kwa kiwango hicho. Halafu kuna majabali ya mkoa huu. Hewa ikiyagonga huvurugika, na mtambo uliosimikwa nyuma yake hupigwa huku na huku, beringi zake zikachakaa mapema. Vipimo vya tambarare za Denmark haviwezi kutujibia hilo.

Wala si upepo tu. Ingia kwenye kiwanda kidogo cha alizeti: mafuta hutoka kwenye mashine yakiwa moto na yenye ukungu, yakaachwa kwenye mapipa mpaka mashapo yatue. Usiku wa baridi wa Juni mafuta huwa mazito, na mashapo huchelewa kushuka. Kanuni ya mwendo huo George Stokes aliiandika mwaka 1851. Mkamuaji anaijua kwa macho. Bado hajapata mtaalamu wa kukaa naye wakakokotoa joto linalofaa bila kuharibu mafuta.

Mtaalamu kulipima swali la mtu wa kawaida si jambo geni kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya uliokuwa baridi. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Osborne alilipeleka swali maabara, likapimwa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo juu ya jibu, lakini swali la kijana lilipimwa.

Singida tunadai vivyo hivyo. Nguzo za vipima upepo zisimame masika na kiangazi, kwa kimo cha mtambo halisi; vijana wa mkoa wafundishwe kuzisoma; na takwimu ziwe wazi, mwalimu wa sekondari ya Manyoni au Iramba aweze kuziandika ubaoni.