Kiraka Hakingoji Jumatatu

Leo sileti programu mpya ya kupakua wala uchambuzi wa simu. Leo nina ugomvi. Nagombana na maneno manne ambayo nimeyasikia katika ofisi nyingi mno: "Acha, si inafanya kazi?"

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze kidogo. Zamani fundi aliingia kwenye seva moja moja akiitengeneza. Siku hizi kampuni inakodi seva mia mbili katika wingu, yaani kwenye majumba ya kompyuta ya watu wengine, halafu inaweka programu moja ya kuziamuru zote. Iite nyapara. Nyapara akisema zima, zinazima. Akisema sakinisha, zinasakinisha. Ndiyo maana ufa kwenye seva ya kawaida ni ufa wa seva moja, lakini ufa kwa nyapara ni ufa wa seva zote mia mbili. Na kiraka ni kipande cha programu kinachotolewa na watengenezaji kuziba ufa huo.

Sasa nipe sikio. Mwisho wa Aprili 2020, watengenezaji wa Salt, mmoja wa manyapara hao, walitoa viraka vya ufa uliopewa alama 10 kati ya 10 kwa ubaya. Mtu yeyote aliyeweza kuifikia seva kuu kupitia intaneti aliweza kuiamuru bila nywila. Kampuni ya F-Secure, iliyougundua ufa huo, ilihesabu seva kuu zaidi ya 6,000 zilizokuwa wazi kwa dunia nzima. Ijumaa ilikuwa tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi. Wengi walipumzika. Wezi hawakupumzika. Jumamosi na Jumapili hiyo hiyo waliingia kwa LineageOS, wanaotengeneza mfumo wa simu, na kwa Ghost, jukwaa la blogu, ambako walitumia seva za wenyewe kuchimba sarafu za kidijitali. Kutoka kiraka hadi wizi hazikufika siku tano. Wewe ofisini kwako, kikao cha kujadili kiraka huitwa baada ya siku ngapi?

Na si Salt peke yake. Januari 2024 VMware walitoa viraka vya Aria Automation, nyapara anayetumiwa na mashirika makubwa, kwa ufa wa alama 9.9.

Najua jibu la kwanza: "Viraka navyo huharibu." Kweli kabisa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 na ndege zikabaki chini. Lakini tazama kosa lilikuwa wapi. Sasisho lilisukumwa kwa wateja kote duniani kwa mpigo, bila kuonjwa kwanza kwa wachache. Mpishi akitia chumvi nyingi, dawa si kuacha kupika, dawa ni kuonja. Chukua nakala rudufu ya nyapara. Weka kiraka kwenye nyapara wa majaribio. Kikikaa sawa, peleka kwa seva tano, kisha hamsini, kisha zote. Kikigoma, rudisha nakala. Hiyo ni kazi ya siku moja au mbili, si ya robo mwaka. Na kama ufa ni wa alama 10, mfungie nyapara mlango wa intaneti saa hiyo hiyo wakati unaonja.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi zaidi: "Sisi tuko Isiolo, nani atatutafuta huku?" Ndugu yangu, hakuna anayekutafuta wewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha programu yao, ZMap, inayoweza kubisha hodi kwenye anwani zote za IPv4, takriban bilioni 4, kwa dakika 45. Mashine inayobisha haijui Bulla Pesa ni wapi na haina haja ya kujua. Inajua mlango uko wazi, basi.

Mteja mmoja wangu, simtaji, aliwahi kuninyima saa moja ya usiku kuweka kiraka kwa sababu "wateja watalalamika". Saa moja! Usiku wa manane! Wakati huo huo mkataba wake wa matengenezo umejaa kurasa za bei, na neno kiraka halimo hata mara moja. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Fundi analipwa kuitikia simu mfumo ukianguka, halipwi kuuzuia usianguke.

Anayeumia ni nani? Si mkurugenzi. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa kwa mafuriko ya maombi, tuliona huduma zikikwama hata huku mashinani. Lile halikuwa suala la kiraka, lakini lilitufundisha kwamba mfumo ukilala Nairobi, foleni inasimama Isiolo. Na wizi wa data ni mbaya zaidi, kwa kuwa foleni huisha ila namba ya kitambulisho ikishaibwa haibadilishwi.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, kila mkataba utaje siku: ufa mkubwa kabisa uzibwe ndani ya siku mbili. Pili, kuwe na mtu mmoja mwenye jina anayesoma matangazo ya viraka kila asubuhi, sikukuu zikiwemo. Tatu, saa ya matengenezo itangazwe kwa wateja mapema, kama Kenya Power wanavyotangaza kukata stima.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye mfumo saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data akishajua data imevuja na inaweza kuwadhuru wenyewe. Ukiweza kupata saa 72 za kuandika barua ya aibu, huwezi kukosa saa moja ya kuweka kiraka.