Mtambo wa Kuchimbia na Nyumba ya Mirathi



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo huenda likaonekana si la ukurasa huu wa nyumba zetu. Nalo ni kununua mtambo wa kuchimbia ardhi, ule ambao mafundi huuita ekskaveta na watu wa mtaani wakauita kijiko, kwa nia ya kuufanyia kazi za mikataba. Atakayetusoma mpaka mwisho ataona kwamba jambo hili lina mlango wa kuingilia katika nyumba zetu.

Alitujia kijana mmoja hapa Tanga, aliyesoma kwetu chuoni zamani, na sasa ni mtu mwenye mke na watoto. Riziki yake hutoka katika gari lake la tipa, nalo hubeba mchanga na kokoto. Aliona mitambo ilivyozidi katika nchi yetu kwa sababu ya ujenzi wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa kwetu, mwendo wa kilomita 1,443. Akaona pia mashimo ya vyoo, misingi ya maghorofa na mitaro ya maji, yote sasa yachimbwa kwa mtambo. Basi akaazimu kununua mtambo uliokwisha kutumika, wa tani 20, kwa shilingi milioni 150 hata kufika mkononi. Milioni 50 angezipata kwa kuuza tipa. Milioni 100 angezipata benki, na dhamana iwe nyumba aliyoiacha marehemu baba yao.

Alikuja tumwombee dua. Tukamwambia: "Mwanangu, dua tutaomba, lakini kwanza lete karatasi na kalamu." Akasema: "Maalim, hesabu nimekwisha kuipiga." Tukamwambia: "Basi tuipige tena mbele ya macho yetu."

Sisi si mafundi wa mitambo. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini mwenye kusomesha mirathi hana budi kujua kujumlisha na kutoa, na mambo ya mtambo tuliyauliza kwa wenye kuyajua. Tarakimu zifuatazo ni za mfano aliotuletea kijana yule. Kila mtu aweke za kwake.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mtambo hukodishwa Sh. 120,000 kwa saa. Utafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani saa 208. Mapato yake Sh. 24,960,000. Atoe dizeli, lita 15 kwa saa kwa Sh. 3,000 kila lita, jumla Sh. 9,360,000. Atoe mshahara wa mwendeshaji na utingo wake, Sh. 1,200,000. Zilizobaki, Sh. 14,400,000, akaziita faida. Kwa hesabu hiyo mtambo hujilipa kabla ya mwaka kutimia. Ndugu zetu, lau mambo yangekuwa hivyo, hapana ambaye angebaki kuuza maandazi.

Tulimwuliza jambo la kwanza: ni nani aliyekuahidi saa 208? Mtambo haulipwi kwa siku zilizo katika kalenda, hulipwa kwa saa zilizo katika mita yake. Siku za masika ardhi huwa tope. Siku nyingine mwenye kazi hajapata kibali, au simenti haijafika. Na mtambo wa minyororo hauendi barabarani kwa miguu yake. Hauna budi kubebwa na tela la kubebea mitambo, liitwalo lobedi, nalo lina ujira wake kwenda na kurudi. Akapewa kazi ya saa sita kijiji cha mbali, tela huenda likala ujira wote. Tukamwambia, tuseme saa 100 kwa mwezi. Na hizo nazo ni lazima zitafutwe.

Jambo la pili: wapi matengenezo? Mtambo huu hula kila saa unaponguruma. Oili ya injini na vichujio hubadilishwa kwa hesabu ya saa, na grisi hutiwa kila siku ya kazi. Meno ya ndoo yake huisha upesi katika ardhi ya mawe. Na mwenye kuyazuru mapango ya Amboni ameona yaliyo chini ya udongo wetu. Kisha kuna pini na bushi zake, mipira ya haidroliki, na pampu, ambayo ikifa hufa na fedha nyingi. Fauka ya hayo kuna minyororo na rola zake. Mafundi hutuambia kuwa hiyo peke yake yaweza kula karibu nusu ya gharama za matengenezo katika umri wa mtambo. Tukakadiria Sh. 5,000 kwa saa kwa oili, vichujio na grisi, na Sh. 18,000 kwa saa kuwekwa akiba kwa matengenezo makubwa. Tena bima, mlinzi na mahali pa kuuweka, Sh. 800,000 kwa mwezi, ufanye kazi usifanye.

Sasa tujumlishe kwa saa 100. Mapato ni Sh. 12,000,000. Dizeli Sh. 4,500,000, oili na vichujio Sh. 500,000, mishahara Sh. 1,200,000, bima na ulinzi Sh. 800,000. Zikabaki Sh. 5,000,000. Tukitoa akiba ya matengenezo, Sh. 1,800,000, hubaki Sh. 3,200,000. Na benki yataka nini? Yataka Sh. 130,000,000 kwa miezi 26, yaani Sh. 5,000,000 kila mwezi.

Kijana akatazama karatasi, akasema: "Maalim, mbona kabla ya kutoa matengenezo zilikuwa zinatosha sawasawa?" Tukamwambia, hapo ndipo penye mtego. Mwenye deni hawezi kuinyima benki, lakini mtambo anaweza kuunyima. Basi kila mwezi atalipa benki kwa fedha za minyororo na pampu, na mwaka wa kwanza ataona biashara yaenda. Siku pampu itakapokufa mfuko hauna kitu. Mtambo utasimama, na deni halisimami. Wala katika miezi hiyo yote hajapeleka nyumbani hata kilo ya unga. Tulipopiga hesabu tuliona kuwa hana budi kupata saa 135 kila mwezi ili alipe deni na kutunza mtambo, na hapo bado yeye mwenyewe hajala.

Tena mtambo wenyewe hupungua. Ikiwa umebakiwa na saa 6,000 za kazi nzuri, na mwisho utauzwa milioni 30, basi kila saa moja imeondoka na Sh. 20,000 za thamani yake. Nabii Yusufu (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kuweka nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida. Mwenye mtambo asiyeweka kitu katika saa zake za neema anakula mbegu akidhani anakula mavuno.

Ama upande wa deni, khatari ni mbili. Ya kwanza ni riba, ambayo Mwenyezi Mungu ameiharimisha na akahalalisha biashara, katika Suratul Baqara, aya ya 275. Siku hizi yapo mabenki yanayofuata sheria yetu, mathalan Amana Bank iliyofunguliwa hapa Tanzania mwaka 2011. Katika murabaha, benki huununua mtambo ukawa mali yake, kisha ikamwuzia mtu kwa bei iliyo wazi, kwa mafungu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika mkutano wake wa Jeddah, mwaka 1990, lilisema yafaa bei ya mafungu kuzidi bei ya taslimu, lakini bei ikishafungwa haijuzu kuongezwa kwa sababu ya kuchelewa kulipa. Basi msomaji aangalie mkataba, asitazame jina tu lililoandikwa mlangoni.

Khatari ya pili humpata hata aliyenunua kwa halali. Deni halali nalo ni deni. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu na hakuacha cha kulilipa, hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Ikiwa dinari tatu zilikuwa na uzito huo, sembuse milioni 130?

Hapo tukafika kwenye nyumba. Tulimwuliza: "Nyumba ni ya nani?" Akajibu: "Ni yetu, Maalim. Mimi ndiye mkubwa." Ndugu zetu, ukubwa si fungu katika Suratun Nisaa. Marehemu aliacha mke, wanaume wawili na wanawake wawili. Nyumba ikigawanywa mafungu 48, mama ana thumuni yake, mafungu 6. Kila mtoto wa kiume ana 14, na kila wa kike ana 7. Kijana huyu, pamoja na ukubwa wake, ana mafungu 14. Yaliyobaki 34 ni mali ya mama yake, ndugu yake na dada zake, naye alikuwa tayari kuyaweka rehani kwa ajili ya saa zisizo na ahadi.

Akasema: "Niliwaambia, hawakukataa." Twamwuliza kila kaka mkubwa anayesoma haya: mama mjane aliyekaa chini ya paa la mwanawe atakataa vipi? Dada aliyeolewa, anayekuja nyumbani Idi hata Idi, atasema nini mbele ya kaka zake? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mali ya Muislamu si halali kwa mwingine ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na wanavyuoni wamesema kuwa kilichochukuliwa kwa kumwonea mtu haya hukumu yake ni kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Kunyamaza kwao kulikuwa ni haya, nayo haikuwa ridhaa.

Hatukumkataza kununua. Kuitafuta halali ni ibada, na nchi yataka watu wa kuchimba. Tulimwomba afanye mambo mawili tu. La kwanza, awakalishe wenye mafungu, awasomee karatasi ile ile, pamoja na mstari wa saa 135, kisha aondoke na kuwaacha washauriane. La pili, asiuze tipa kwanza, bali akodi mtambo wa mtu kwa miezi mitatu, na kila jioni aandike saa zilizolipwa.

Alikwenda akafanya. Dada yake mdogo ndiye aliyesema, kwa adabu, kwamba fungu lake halimo katika rehani. Alipokwisha kusema yeye, mama naye akasema. Kaka aliudhika, hatufichi. Hakuonekana msikitini kwetu wiki mbili. Kisha akaja na daftari lake. Mwezi wa kwanza saa 118. Mwezi wa pili saa 84. Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, saa 61. Na ujira wa saa 40 katika hizo ulikuwa bado uko kwa mkandarasi, ambaye kila akiulizwa husema wiki ijayo. Alifunga daftari, akasema: "Maalim, ningekuwa nimekwisha kuuza nyumba."

Nia hakuiacha, wala sisi hatukumshauri aiache. Sasa anatafuta mshirika mwenye mtaji, kwa mudharaba, faida wagawane kwa sehemu wanazozijua tangu mwanzo, na khasara ya mtaji imwangukie mwenye mtaji maadam mfanyaji hakufanya uzembe. Tena amejua kuandika mapatano kabla ya mtambo kupakiwa: ujira kwa saa, dizeli ni juu ya nani, tela ni juu ya nani, na malipo ni siku gani. Hilo ndilo agizo la aya ya 282 ya Suratul Baqara, nasi twaisoma sana na kuifuata kidogo. Na atakapojaaliwa kununua, ajue kuwa mtambo wa kazi hauna zaka katika thamani yake. Zaka huwa katika fedha zilizopatikana kwao, zikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Basi enyi ndugu zetu, mwenye kutaka kununua mtambo na aanze kuhesabu saa kabla ya kuhesabu faida. Na enyi mama zetu na dada zetu, mkiletewa karatasi ya rehani mtie kidole, ombeni kwanza msomewe. Fungu lenu amelitaja Mwenyezi Mungu mwenyewe. Si ukosefu wa adabu kuliulizia.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atuepushe na uzito wa deni, na azihifadhi nyumba za mayatima na wajane. Amin.

Wassalaam alaykum.