Staa, Acha Kuisingizia Rimoti, Angalia Plagi Yako!

Haya wadau, ile klipu mmeshaiona. Jamaa yetu aliyeko Marekani (jina kapuni, mnamjua) karusha lile lindege lake la rimoti linalotumia petroli. Limepaa vizuri, limekata kona, mara mabawa yakaanza kutetemeka kama lina homa, hiyooo, chini puu! Akaandika eti kauziwa rimoti kimeo. Mashabiki nao: "Pole kaka, washtaki!"

Mimi pole sitoi.

Rudini kwenye video yake ya wiki iliyopita, pale alipofungua tumbo la ndege akijisifia. Risiva imebanana na kile kiboksi cha kutoa cheche. Betri moja inalisha vyote viwili. Na kiwaya cha kuvutia mafuta ni cha chuma, kimetoka kwenye injini moja kwa moja hadi ndani. Hapo ulitegemea nini?

Injini ya petroli inawaka kwa cheche, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio kinachopiga kelele. Mnakumbuka redio za AM zinavyokoroma pikipiki chakavu ikipita? Ndiyo hiyo hiyo. Vile vinjini vya methanoli alivyozoea havina cheche, ndiyo maana hakuwahi kusumbuka. Kahamia petroli kwa sababu ni bei rahisi na mlio wake mtamu, ila tabia kabaki nazo zile zile.

Mtaniambia siku hizi rimoti ni za gigahezi 2.4, hazisumbuliwi kama zile za megahezi 72. Kweli, zina nafuu kubwa. Lakini kelele inapanda kwenye nyaya pia, inaingia kwenye betri, inafika kwenye vile vimota vya usukani. Na dawa yake wala si ghali: kofia ya chuma inayobana plagi vizuri isilegee, waya wake uvalishwe wavu wa chuma, cheche ziwe na betri yake, vitu vyake vikae sentimita 30 hivi mbali na risiva, na kiwaya cha mafuta kiwe cha nailoni. Basi!

Halafu kuna jaribio la bure kabisa. Punguza nguvu ya rimoti, tembea hatua 30 ukiwa umezima injini, kisha rudia injini ikiwa inanguruma. Ukiona umbali umepungua, ndege inabaki chini. Yeye kajaribu imezimwa, tena anacheka na kamera.

Kilichoniudhi zaidi hakimo kwenye maelezo yake. Sekunde chache kabla haijaanguka, pembeni kulia, watoto wawili wamesimama na juisi zao. Dude la kilo kadhaa, propela inazunguka, halisikii mtu.

Kaka, najua unapita humu kusoma komenti. Kabla hujamshtaki muuza rimoti, tupostie picha ya ile plagi. Tunasubiri.