Kipaji cha Mtoto: Zawadi na Ujira

Katika miaka ya karibuni mkoa wetu wa Tabora umepokea mashindano ya kitaifa ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Washindi huondoka na vikombe na medali. Mwaka 2023 Tabora United ilipanda Ligi Kuu. Mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Kijana wa Puge anayecheza pekupeku baada ya masomo huyasikia yote haya. Si ajabu akijiuliza: jasho langu nalo lina thamani gani?

Huko Marekani swali hilo lilifika mahakamani. Kwa miaka mingi vyuo vilivuna fedha za televisheni huku wanamichezo wao wakikatazwa kulipwa. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano yanayokiruhusu kila chuo kikubwa kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Hatusemi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili alipwe mshahara. Mchezo ukiwa sehemu ya malezi, zawadi yatosha, nayo hufundisha nidhamu na udugu. Lakini mtu anapojipatia fedha kwa kipaji cha mwingine, ujira huwa deni la haki, wala si hisani. Papa Leo XIII alifundisha katika Rerum Novarum, mwaka 1891, kwamba hata mapatano ya hiari hayahalalishi ujira usio wa haki.

Hatari kubwa kwa watoto wetu ni ile siku mgeni anapobisha hodi akiwa na karatasi ya kutiwa sahihi. Wazazi wafahamu kwamba kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufunga mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Anayetaka zaidi ya hapo, au anayemtaka mtoto aache shule, tumtilie shaka.

Wapagazi wa Unyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, walipatana kwanza juu ya posho na ujira, kisha wakajitwisha mizigo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Katika parokia zetu wamo walimu na wanasheria: wakae na mzazi, wausome mkataba neno kwa neno, ndipo sahihi itiwe. Kipaji ni amana ya Mungu, tusiiuze gizani.