Dishi moja, ving'amuzi viwili, na mtoto anayesingiziwa

Chukua nyumba moja ya Majengo, Sumbawanga. Sebuleni kuna televisheni na king'amuzi, juu ya bati kuna dishi. Bibi ameletwa kutoka Laela kwa sababu miguu inamsumbua, akapewa chumba cha nyuma. Baba akamnunulia mama yake televisheni ndogo na king'amuzi cha pili, apate taarifa ya habari na misa ya Jumapili bila kugombania rimoti na wajukuu. Fundi akaja, akakata waya wa dishi, akaweka kile kigawanya waya ambacho mafundi hukiita splita, akalipwa, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Simba wako uwanjani, ghafla picha inaganda na maandishi yanatokea kwamba hakuna mawimbi. Chaneli nyingine zipo, nyingine zimepotea. Baba anamgeukia mtoto wa darasa la nne: "Wewe, umegusa nini hapa?" Mtoto anaapa hajagusa. Ananyang'anywa rimoti, siku nyingine anaongezewa na kofi.

Na kweli hajagusa. Aliyegusa ni bibi, huko chumbani, alipobadilisha chaneli. Naye hana kosa.

Kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, LNB, hakileti chaneli zote kwa mpigo. Mawimbi ya setilaiti huja mengine yamesimama, mengine yamelala, na yote yamegawanyika katika masafa ya chini na ya juu. King'amuzi ndicho kinachoiamuru LNB ichukue yapi. Hupandisha umeme mdogo kwenye waya uleule: volti 13 kwa mawimbi yaliyosimama, volti 18 kwa yaliyolala, na mlio wa kilohezi 22 pale kinapotaka masafa ya juu. LNB ya tundu moja hutii amri moja tu. Ving'amuzi viwili vikiishika kwa splita, chenye volti 18 ndicho kinachoshinda. Bibi akiingia kwenye chaneli ya mawimbi yaliyolala, mechi ya sebuleni inakwenda na maji.

Kabla ya kumgombeza mtoto, chomoa king'amuzi cha bibi ukutani, usizime kwa rimoti tu. Chaneli zikirudi, mkosaji ni splita.

Dawa yake ni LNB yenye matundu mengi: mawili, ambayo madukani huitwa Twin, manne (Quad) au nane (Octo). Kila tundu husikiliza king'amuzi chake bila kujali mwenzake anatazama nini, na dishi hubaki lilelile. Kwa nyumba ya sebule na chumba cha bibi, mawili yanatosha. Manne yanafaa kama kuna wapangaji uani, au king'amuzi cha kurekodi, maana baadhi ya hivyo huhitaji nyaya mbili. Kununua nane kwa sababu tu muuzaji amesema "hii ndiyo kubwa" ni kumnufaisha muuzaji.

Dukani macho yawe kwenye boksi. Quad na Quattro zinafanana kama pacha, zote zina matundu manne, lakini Quattro si ya kuchomeka king'amuzi moja kwa moja. Kila tundu lake hutoa fungu moja tu la mawimbi, na hutumika kwenye majengo makubwa pamoja na mtambo wa kugawa. Ukiona pembeni ya kila tundu pameandikwa herufi za V na H, rudisha. Na kama dishi la nyumbani ni lile kubwa la futi sita, uliza kwanza: mengi hutumia LNB za C, na hizi ndogo za Ku haziingiliani nazo.

Matundu mengi hayaleti setilaiti nyingi. Azam inatoka setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki, DStv nyuzi 36. Kutoka Ufipa, ile ya DStv iko karibu na utosi, ya Azam imeelekea upande wa machweo. Anayetaka zote mbili anahitaji madishi mawili.

Halafu kuna hesabu ambayo fundi haitaji. LNB hulipiwa mara moja, ila king'amuzi cha pili huombwa kifurushi chake kila mwezi. Wazazi wakae waulizane kabla ya kwenda dukani. Kama bibi anaridhika kutazama kile kinachotazamwa sebuleni, waya wa kupeleka picha hiyohiyo chumbani unatosha na LNB haiguswi. Lakini mama mzima kusubiri mechi iishe ndipo apate habari zake, siku baada ya siku, nalo ni jambo la kufikiriwa.

Kila tundu litakalotumika linataka waya wake mzima hadi kwenye king'amuzi, usio na viungio vya selotepu. Matundu yasiyotumika yafungwe vifuniko vya mpira, kwani mvua za Ufipa zikianza Novemba huenda hadi Aprili. Radi nayo, iwe imetumwa au imejituma, sasa ina njia mbili za kuingia ndani badala ya moja. Nguzo ya dishi ipewe waya wa ardhi, na wingu likianza kujikusanya nyaya zote zichomolewe, za umeme na za dishi. Ngurumo zikishaanza, asitumwe mtoto kuzigusa.

Nyaya ziandikwe kwenye ncha zake, "Sebule" na "Bibi", ili fundi ajaye asibahatishe. Kuandika huko anaweza kupewa yule wa darasa la nne, pamoja na rimoti yake.